Harufu ya kinywaji cha mabibo huanzia kwenye salfa shambani

MSIMU wa korosho unapopamba moto kati ya Oktoba na Desemba, anayesafiri kutoka Nangurukuru kwenda Lindi mjini, au anayeingia ndani kuelekea Mtama na Ruangwa, hupokelewa na harufu kabla ya kupokelewa na watu. Ni harufu ya mabibo yanayooza chini ya mikorosho. Korosho imenyofolewa, imeanikwa na kupelekwa chama cha msingi kusubiri mnada. Bibo limeachiwa nzi.

Wapo wachache wanaolitumia. Wengine hulila bichi, wengine hulikausha likawa kochoko, na wengine hulikamua na kulichachusha likawa uraka. Baadhi huuvusha uraka huo kwenye moto na kupata gongo, kinywaji ambacho kukitengeneza bila leseni ni kosa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1966. Kwa miaka kadhaa sasa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikifundisha vikundi kutengeneza juisi, jamu, siki na mvinyo wa mabibo. Elimu hiyo ni njema. Hata hivyo, lipo jambo moja linaloweza kuiangusha biashara hii kabla haijasimama, nalo halianzii jikoni wala kwenye pipa. Linaanzia shambani, siku ya kupuliza salfa.

Jambo hilo ni harufu. Mnunuzi wa mjini akifungua chupa ya mvinyo wa mabibo akakutana na harufu ya yai viza, hataulizia vitamini wala bei. Atafunga chupa na hatarudi. Kwa kawaida mtengenezaji hulaumiwa kuwa vyombo vyake ni vichafu. Inawezekana. Lakini anaweza kuosha vyombo vyake mara saba na harufu ikabaki palepale, kwa sababu aliileta mwenyewe kutoka shambani ikiwa imeshikamana na ganda la bibo.

Pua ya mteja ni mizani

Ili kulielewa jambo hili, inafaa kuwatazama watengenezaji wa bia. Hao wamepambana na salfa kwa muda mrefu kuliko wengi, na wamejifunza kwa hasara.

Bia hutengenezwa kwa maji, kimea cha shayiri, hamira na hopsi, yaani maua ya mmea utambaao yanayoipa bia uchungu na sehemu ya harufu yake. Vyote hivyo vinne huingiza salfa kwa namna moja au nyingine. Hamira inapofanya kazi ya kugeuza sukari kuwa kilevi, hutumia salfa iliyomo ndani ya maji na kimea kujijenga. Ikikosa chakula cha kutosha, hasa naitrojeni, hushindwa kuimaliza kazi hiyo na kuitoa salfa ikiwa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo gesi yenye harufu ya yai viza.

Pua ya binadamu ni kali mno kwa gesi hii. Katika bia, mikrogramu zipatazo tano kwa lita zinatosha kunusika. Kwa hesabu rahisi, gramu moja ingeweza kunusika katika lita 200,000, yaani matangi kadhaa ya malori makubwa ya mafuta. Hakuna mizani ya dukani inayoweza kupima kiasi hicho, lakini pua ya mteja hukipima bure.

Salfa ina sura nyingine pia. Kimea hutoa kemikali iitwayo daimethili salfaidi, yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha. Ikiwa kidogo, baadhi ya bia huihesabu kuwa sehemu ya ladha yake. Ikizidi, ni kasoro. Ndiyo maana mtengenezaji huchemsha kwa nguvu na kuacha mvuke utoke badala ya kufunika chungu.

Kisha lipo suala la mwanga. Jua likiipiga bia iliyo katika chupa nyeupe au ya kijani, uchungu wa hopsi huungana na salfa na kutoa harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na ndiyo sababu bia nyingi hufungwa humo. Mwenye grosari anayeanika kreti barazani tangu asubuhi angefaa kulijua hili, maana hata chupa ya kahawia haistahili kupigwa jua kutwa nzima.

Lakini si kila salfa inanuka vibaya. Harufu tamu ya pasheni na ya pera lililoiva hutokana kwa sehemu na kemikali zenye salfa zinazoitwa thaioli. Baadhi ya hopsi zinazolimwa New Zealand na Marekani hupendwa na kuuzwa kwa bei nzuri kwa sababu huipa bia harufu hiyo ya matunda. Salfa ileile inayoharibu pipa moja hulipandisha thamani pipa jingine. Tofauti ni umbo lake, kiasi chake na wakati ilipoingia.

Kutoka kwenye mashine hadi kwenye pipa

Sasa turudi Lindi. Hapa salfa haiingii kwa njia ya maji na kimea. Inapulizwa juu ya miti kwa kilo.

Hakuna mkulima wa korosho asiyejua sababu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu kuhamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, pamoja na bei isiyoridhisha, vilichangia. Lakini ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua na majani machanga, ulipiga pigo kubwa. Salfa ya unga, pamoja na miche bora na soko lililofunguliwa, ndiyo iliyosaidia kuurudisha mkorosho. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kwa hiyo mtu anayemwambia mkulima wa Kilwa aache salfa ili bibo linukie vizuri anamwambia akate tawi alilokalia.

Hoja hapa si kuacha salfa. Ni kujua inakokwenda baada ya kutoka kwenye mashine.

Kipimo kilichopendekezwa kwa miaka mingi kilikuwa robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko hadi mitano, kila baada ya wiki mbili. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 hivi. Hiyo ni takriban kilo 35 za salfa kwa ekari kwa msimu, yaani karibu mfuko mmoja na nusu wa kilo 25. Unga huo hupulizwa alfajiri, wakati upepo umetulia na umande bado uko juu ya majani. Mwingine hushika maua, mwingine hushika majani na matunda machanga, na mwingine hutua chini au kwa jirani.

Ikumbukwe pia kwamba miezi ya kupuliza ndiyo miezi ya kiangazi huku Kusini. Hakuna mvua ya kuuosha mti kati ya mzunguko wa mwisho na mavuno ya kwanza. Zaidi ya hapo, mkorosho hautoi maua yote kwa siku moja. Tawi moja lina bibo linaloanza kuiva na jingine ndiyo kwanza linachanua. Mkulima anayepuliza kuokoa maua ya mwisho hulipaka unga bibo la kwanza. Nalo bibo likianguka hutua juu ya udongo uliopokea salfa tangu Juni.

Mabibo hayo yakikamuliwa bila kuoshwa, salfa huingia kwenye pipa pamoja na juisi. Hamira ikikutana na salfa ya unga huigeuza kuwa gesi ile ya yai viza kwa urahisi kabisa. Sehemu ya gesi hupaa pamoja na povu. Inayobaki, kinywaji kikikaa, huweza kugeuka kuwa kemikali nyingine zenye harufu ya kitunguu kilichooza au mpira ulioungua, na hizo ni ngumu zaidi kuziondoa.

Si jambo geni duniani. Wakulima wa zabibu wa Ufaransa walianza kutumia salfa dhidi ya ugonjwa wa unga mweupe katika miaka ya 1850, na mpaka leo zabibu hupulizwa salfa katika nchi nyingi. Utafiti wa mvinyo umeonyesha kwamba miligramu chache tu za salfa katika lita moja ya juisi zinatosha kuleta harufu mbaya. Kwa pipa la lita 200, hiyo ni kama gramu moja, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole. Ndiyo maana wakulima wa huko hushauriwa kuacha kupuliza wiki tano hivi kabla ya mavuno. Watengenezaji bia nao wamepata taabu ya namna hiyo kwa hopsi zilizopulizwa salfa karibu na kuchumwa. Hamira haichagui kati ya zabibu na bibo. Ikipewa salfa, itafanya kazi ileile.

Anayetilia shaka anaweza kujaribu mwenyewe bila maabara. Achukue mabibo kutoka mti uliopulizwa karibuni, na mengine kutoka mti ambao haukupulizwa kabisa na uko mbali na mashine. Ayaoshe ya mti usiopulizwa, yale mengine ayaache yalivyo. Akamue kila fungu katika chombo chake safi, atie hamira ya mkate kiasi kilekile, afunike kwa kitambaa na kunusa siku ya pili na ya tatu. Akitaka kujua kuosha kunasaidia kiasi gani, aongeze chombo cha tatu chenye mabibo ya mti uliopulizwa lakini yaliyooshwa vizuri. Jaribio hilo si la kunywa, ni la kunusa tu. Chama cha msingi kikilifanya mbele ya wanachama, litafundisha kuliko semina ya siku mbili.

Hasara inayolala chini ya mti

Kwa nini mkulima ahangaike? Hesabu yenyewe inajibu. Bibo lina uzito wa mara tano hadi kumi wa korosho yake. Tuseme ekari moja yenye miti 28 inatoa kilo 10 za korosho kwa mti, yaani kilo 280. Hapo pamelala kilo 1,400 za mabibo kwa uchache. Hata nusu tu ya uzito huo ikitoka juisi, ni lita 700 kwa ekari. Kwa Sh 100 tu kwa lita, bei iliyotolewa hapa kwa mfano, ni Sh 70,000 ambazo leo zinalishwa nzi.

Jimbo la Goa nchini India limeonyesha kwamba bibo linaweza kubeba jina. Huko mabibo hukamuliwa, huchachushwa na kuvushwa. Kinachotoka kwanza mtamboni huitwa urrak, jina ambalo msomaji wa Lindi halitamshangaza, na kikivushwa tena huwa feni. Mwaka 2009 jina la feni lilipewa ulinzi wa kisheria kama bidhaa ya Goa. Jina la namna hiyo hulindwa na bidhaa inayonukia vilevile mwaka huu na mwaka ujao, si chupa moja nzuri na ya pili mbovu.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba Pwani ya Kilwa na Lindi ni ya watu wengi wasiokunywa pombe, na kwamba kuzungumzia harufu ya mvinyo ni kuwaletea balaa. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini bibo lililojaa salfa halimuumizi mnywaji peke yake. Juisi ya mabibo huanza kuchachuka yenyewe ndani ya saa chache kwenye joto la Lindi, na ikianza tu, salfa nayo huanza kunuka. Siki hupitia kwanza hatua ya pombe kabla ya kuwa siki. Mama wa Kivinje anayetaka kuuza juisi au siki, na hajawahi kuonja uraka maishani, ana haja ya bibo safi kama yule mwenye mvinyo.

Wengine watasema kuvusha kwenye moto huondoa kila kitu. Si kweli. Gesi za salfa ni nyepesi na hupanda pamoja na mvuke wa mwanzo. Viwanda vya wiski vya Scotland hutumia mitambo ya shaba kwa sababu mojawapo kwamba shaba huikamata salfa. Pipa la chuma na bomba la porini havina uwezo huo. Na asitokee mtu wa kutumbukiza waya au sarafu ya shaba kwenye juisi ya mabibo. Juisi hiyo ina asidi, huyeyusha shaba, na mnywaji akapata sumu badala ya harufu nzuri.

Kundi la tatu litashauri mkulima ahamie kwenye dawa za maji. Dawa hizo zina nafasi yake na baadhi huhitaji mizunguko michache. Lakini nyingine hupenya ndani ya mmea, na kuziosha hakuziondoi. Kila moja ina siku zake za kusubiri kabla ya mavuno, zilizoandikwa kwenye lebo. Mkulima aliyezoea kuhesabu korosho peke yake hana desturi ya kuzisoma siku hizo, kwa sababu korosho imejificha ndani ya ganda gumu. Bibo halina ganda hilo.

Nini kifanyike

Hatua zinazohitajika ni za bei ndogo kuliko kiwanda, na nyingi zinaweza kuanza msimu ujao.

Kwanza, kila mkulima anayetaka kuuza mabibo atenge miti yake. Iwe michache, ya pembeni, upande ambako upepo wa alfajiri hautokei kwa jirani anayepuliza. Miti hiyo ipulizwe mapema na kwa kipimo, na mzunguko wa mwisho uandikwe tarehe. Kama wiki tano hazijapita, bibo lake lisiende kwenye pipa. Korosho yake iendelee kuuzwa kama kawaida.

Pili, mabibo ya kinywaji yasiokotwe mchangani. Turubai au chandarua safi litandikwe chini ya miti iliyotengwa na kuokotwa kila asubuhi, au bibo lililoiva kabisa lichumwe kwa mkono na korosho yake ianikwe vizuri. Kisha mabibo yaoshwe kwa maji safi, yabadilishwe, na kuoshwa tena. Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji, hivyo kuchovya tu hakutoshi. Ni lazima kusugua na kusuuza.

Tatu, vyama vya msingi vilivyo chini ya Lindi Mwambao na Runali vifungue daftari la salfa. Chama kinajua nani amechukua mifuko mingapi, kwa kuwa pembejeo zenye ruzuku zimekuwa zikipitia kwenye orodha. Kinachokosekana ni safu moja tu ya kuandika tarehe ya kupuliza mara ya mwisho. Mnunuzi wa mabibo akiiona tarehe hiyo, anaweza kulipa zaidi kwa bibo safi. Bila tarehe, atalipa bei moja kwa wote, na bei hiyo itakuwa ya bibo bovu.

Nne, maofisa ugani na wakufunzi wa usindikaji waache kufundisha kila mmoja kivyake. Mmoja humwambia mkulima apulize, mwingine humwambia mkewe akamue, na hakuna anayewaambia wote wawili kwamba kazi hizo zinakutana kwenye pipa moja. Somo la salfa liwe na ukurasa wa bibo, na somo la mvinyo liwe na ukurasa wa salfa.

Tano, mtengenezaji asichanganye mambo mawili. Ipo chumvi ya salfa inayoruhusiwa kuhifadhi juisi na mvinyo, nayo hupimwa kwa gramu na huuzwa kama kiungo cha chakula. Anayeitumia aiandike kwenye lebo, kwa kuwa huweza kuwadhuru baadhi ya wenye pumu. Salfa ya mikorosho si chakula na isiwekwe kwenye kinywaji kwa sababu yoyote. SIDO na Shirika la Viwango wapo kwa ajili ya kuelekeza. Ni nafuu kuwauliza mapema kuliko kuzuiwa chupa zikiwa tayari.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi bibo la Lindi limekuwa likijitembeza, na hata hivyo halikufika mbali. Mikutano ya kuomba kiwanda iendelee, lakini kiwanda kikija leo kitauliza swali moja kabla ya kufungua mizani: mti huu ulipulizwa lini? Mkulima atakayekuwa na jibu lililoandikwa ndiye atakayeuza. Asiye na jibu ataendelea kunusa hasara yake barabarani kila Oktoba.